Upatu Nao ni Dhamana

Mwananchi apitaye Michenzani wakati wa magharibi, chini ya majumba yaliyojengwa kwa uongozi wa Mzee Abeid Amani Karume baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, hawezi kudai kwamba wanawake wa visiwa hivi ni wavivu. Wapo wenye vitumbua, wapo wenye urojo, wapo wenye mikate ya kumimina. Hata hivyo, nyingi katika biashara hizo hubaki sinia moja mwaka hadi mwaka. Kwa nini?

Si kwa uhaba wa juhudi. Zao la mwani, lililoanza kulimwa kibiashara katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, limesimama kwa mikono ya wanawake. Lakini mwani mkavu bei yake ni ya chini. Afadhali yake anayeusaga akatengeneza sabuni. Kusaga kunataka mashine, mashine inataka mkopo, na mkopo unataka dhamana. Hapo ndipo mlango unapofungwa, kwani hati ya nyumba mara nyingi ina jina la mume, au nyumba yenyewe ni urithi ambao haujagawanywa.

Dini haina lawama katika jambo hili. Uislamu umempa mwanamke haki ya kumiliki alichokichuma na kurithi fungu lake, na Bi Khadija alikuwa mfanyabiashara tajiri kabla ya kuolewa na Mtume (S.A.W.). Lawama ni yetu tunaochelewesha mirathi, na ni ya ofisi zinazotambua karatasi zisitambue uaminifu.

Maana uaminifu upo. Kina mama hucheza upatu miaka nenda miaka rudi bila ya wakili wala hakimu. Kila mmoja hutoa fungu lake siku ikifika, kwa kuwa asiyetoa hapati tena wa kucheza naye. Atasema mtu kwamba fedha za upatu ni kidogo. Basi mkopo wa kwanza nao uwe mdogo, ukue kwa kadiri unavyorejeshwa.

Kwa hiyo tunaishauri Serikali, Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi na mabenki: daftari la upatu lipokewe kuwa ushahidi wa mkopaji, marejesho yafuate majira ya biashara, maana mwezi wa Ramadhani mauzo ya chakula cha mchana husimama, na muuzaji apatiwe mahali pa kudumu. Nasi wananchi tulipe vitumbua tulivyokopa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini si kibaba kinachovuja.