Breka Ikishuka, Usiifukuze

Sizunguki mbuyu leo. Fundi akiingia kwenu Buru ama Umoja, akute breka ya ampea 20 inashuka kila asubuhi, aitoe, aweke ya 32 kisha aitishe pesa yake, huyo hajawatengenezea stima. Amewafukuzia mlinzi na mlango ameuacha wazi.

Watu wengi mtaani wanadhani breka iko pale kulinda TV na shawa. Zi. Breka inalinda waya iliyo ndani ya ukuta. Waya ndiyo inaamua saizi ya breka, si makelele ya wapangaji.

Hesabu yenyewe ni ya shule. Stima yetu ni volti 240. Shawa ya moto ya wati 5,500 inakula karibu ampea 23. Birika la wati 2,000, nane na kitu. Pasi ya wati 1,200, tano. Jumla 36 na hujawasha maikrowevu. Kama hizo zote zinavuta kwa waya moja ya milimita 2.5, breka kushuka si ubovu, ni kazi yake. Na joto la waya halipandi polepole. Ukiongeza ampea mara mbili, joto linakuwa mara nne. Kutoka 20 hadi 32 ni joto mara mbili na nusu, kwa waya ileile, nyuma ya plasta ileile. Plastiki inakauka, inapasuka, soketi inageuka kahawia. Ile harufu unayosema ni ya jirani anachoma takataka, chunguza tena.

Sasa fikiria nyumba zetu. Buruburu ilianza kujengwa miaka ya 1970, kwa familia moja: taa, redio, pasi, labda friji. Leo plot hiyohiyo ina vyumba nyuma, kinyozi mbele, na mtu wa chipo kwa geti. Umoja na Dandora zimepanda juu ghorofa kwa ghorofa. Lakini fungua boksi la stima: kuna mahali bado utapata fyuzi za zamani za kuzungushia waya, na mtu amezungushia waya nene kama msumari ndio "isisumbue". Boksi la njia nne likijaa, hakuna njia ya tano. Ukiona waya mbili zimebanwa chini ya breka moja, huenda mtu alilazimisha.

Najua mtaniambia, "Si ulete fundi mwenye karatasi?" Ndiyo, alete. Sheria ya Kawi ya 2019 inataka awe na leseni ya EPRA, na siwatetei wanaofanya bila. Lakini leseni peke yake haikuonyeshi kilicho ndani ya ukuta wa zamani. Kenya ilifuata mtindo wa Uingereza, ule wa soketi kufungwa kwa duara: waya inatoka kwa boksi, inapitia soketi zote, inarudi kwa boksi. Ndiyo maana waya nyembamba iliwekewa fyuzi ya ampea 30 na ikawa sawa, kwa sababu mzigo uligawanyika pande mbili. Kijana aliyezoea flat mpya za Pipeline akivunja ukuta na kukata hiyo duara katikati, soketi zote zitaendelea kuwaka. Hakuna dalili hata moja. Ila sasa upande mmoja unaweza kubeba mzigo wote, na fyuzi bado ni ya 30.

Halafu kuna rangi. Kwa waya za zamani, nyekundu ndiyo moto na nyeusi ni nyutro. Kwa rangi mpya za fezi tatu, nyeusi ni mojawapo ya zile za moto. Kwa jengo lenye fezi tatu ambalo nusu ni ya zamani na nusu ni ya juzi, kukisia rangi ni kucheza na maisha. Wale wazee wa mtaa mnaowaita washamba wanajua hizi vitu kwa sababu wao ndio walizifunga. Mafundi vijana, kaeni nao kabla hawajaenda ushago na hiyo elimu.

Lakini lawama kubwa nampa mwenye plot. Kodi inapanda, boksi la stima haliguswi. Moto ukitokea, kidole kinaelekezwa Kenya Power, na kazi ya Kenya Power inaishia kwa mita. Baada ya mita ni nyumba yako, mzee. Usiniambie ni gharama. Shawa inataka waya yake peke yake ya milimita 6, na breka yake, moja kwa moja kutoka kwa boksi. Boksi limejaa? Weka kubwa. Laini ya kuingia haitoshi? Omba Kenya Power waongeze. Hiyo yote ni rahisi kuliko kujenga upya, na haifanani hata kidogo na kuzika mtu.

Na wewe mpangaji, kabla fundi hajabadilisha breka, muulize tatu tu: Waya hii ni saizi gani? Inabeba vitu gani? Umepima, ama umeangalia rangi? Akikasirika, umepata jibu.

Tuma hii kwa group ya plot yenu. Landlord akiiona, afadhali.