Je, Kupasuliwa ili Mtu Apungue Unene ni Uvivu?

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba adhabu ya kaburi aijua maiti. Msemo huu twaukariri katika insha zetu kila muhula na walimu wanatutilia alama, lakini tukitoka darasani twausahau upesi. Mtu mnene akipita mbele ya baraza hapa Gazi, au akipanda matatu kwenda Ukunda, utasikia: "Sogeeni jamani, tipa laja!" Watu wote hucheka. Na mtu yuyo huyo akienda hospitali akapasuliwa tumbo ili apungue, ndimi hazimwachi. "Ati kapasuliwa? Si angewacha kula tu! Uvivu huo."

Maoni yangu ni kwamba maneno hayo si ya kweli, na isitoshe yana madhara kwa mgonjwa. Ushahidi nitakaoutoa ni wa vitabuni na wa nyumbani pia, kwa sababu shangazi yangu, dadake baba, ni mmoja wa waliopasuliwa. Amenipa ruhusa niandike, mradi nisimtaje jina.

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Upasuaji huu si ule wa kunyonya mafuta ili mtu apendeze kwenye picha. Haya ni matibabu. Namna inayofanywa sana siku hizi ni hii: madaktari hutoboa matundu madogo tumboni, huingiza kamera na vifaa vyembamba, kisha huondoa kama robo tatu ya mfuko wa chakula, au zaidi kidogo. Kinachobaki ni kama mrija wenye umbo la ndizi. Namna ya pili ni kutengeneza kijifuko kidogo mithili ya yai na kukiunganisha na utumbo mwembamba, chakula kikapita njia ya mkato. Aliyeianzisha hiyo ya pili ni daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka wa 1966. Kwa hivyo si jambo la jana wala juzi.

Aidha, hapasuliwi kila anayetaka. Chukua kilo zako, uzigawanye kwa urefu wako wa mita mara urefu huo huo. Shangazi alikuwa na kilo 118 na urefu wa mita 1.58. Pigeni hesabu, mtapata 47. Miongozo iliyotolewa Marekani mwaka wa 1991 ilisema apasuliwe aliyefika 40, au 35 ikiwa ana maradhi yaliyoletwa na unene. Mwaka wa 2022 vyama vya madaktari wa kazi hii vilishusha kiwango hadi 35, na hata 30 wakafikiriwa wenye kisukari. Shangazi alikuwa na kisukari, presha, na magoti yaliyokuwa yakilia kila akiinuka kwenye mkeka.

Sasa tuje kwa huo uvivu. Shangazi huamka saa kumi za alfajiri kukanda unga wa mahamri ya kuuza. Mvivu gani huyo? Na kuacha kula alijaribu. Aliacha sukari, akaacha wali wa usiku, akawa anatembea jioni mpaka kwenye mikoko na kurudi. Akapungua kilo 9. Baada ya mwaka zilirudi 12.

Wataalamu wanaeleza kwamba mwili ukipungua hudhani njaa imeingia nchini. Homoni ya njaa iitwayo grelini huongezeka, na mwili nao hubana matumizi kama mama wa nyumbani mwisho wa mwezi. Hamu ya chakula huzidi, na chakula kile kile kidogo huanza kutosha kunenepesha. Hapo kumwambia mtu "jikaze" ni kama kumwambia mvuvi apige makasia dhidi ya maji kupwa siku zote za maisha yake. Wapo wanaoweza. Wengi hawawezi. Namna ile ya kwanza ya upasuaji huondoa sehemu ya mfuko inayotoa kwa wingi homoni hiyo, na ndiyo sababu mgonjwa hupungukiwa na njaa yenyewe.

Huko Uswidi, kuanzia mwaka wa 1987, watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 4,000 walio wanene mno, nusu wakapasuliwa na nusu wakatibiwa kwa njia za kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2007 yalionyesha kwamba waliopasuliwa walikufa wachache zaidi. Je, hiyo nayo tuite uvivu?

Hata majirani zetu Watanzania wanalijua hili. Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo ambaye mwaka wa 2025 alichaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika, alivuma kwa kuwahimiza watu wapunguze sukari na wanga. Wengine walimfanyia mzaha kwa hilo. Lakini Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, aliyokuwa akiiongoza, kule Mloganzila ilikuwa ikiwawekea wagonjwa puto ndani ya mfuko wa chakula ili washibe upesi. Mtu huyo huyo anayesisitiza lishe, hospitali yake ikatoa na tiba. Hakuona mgongano, kwa sababu haupo. Siku hizi ziko pia sindano za kupunguza hamu ya chakula, kama semaglutaidi, ingawa wengi wakiziacha uzito hurudi.

Shangazi alipoelezwa na madaktari kwamba anafaa kupasuliwa, jamaa walikaa kitako. Ami yangu mmoja alisema, "Dadangu, funga mdomo tu, pesa tutanunulia mbuzi." Shangazi akamjibu kwa upole, "Kakangu, wewe wanihesabia matonge. Hesabu na sindano ninazojidunga." Bibi naye aliuliza kama si kuharibu alichokiumba Mungu. Mimi si shehe, lakini niliona jibu alilopewa lilimtuliza: kwamba mgonjwa ameamrishwa ajitibu, na kisukari ni ugonjwa kama malaria.

Hofu kubwa ilikuwa kifo. Madaktari hawakumficha. Walimwambia kwamba katika hospitali zenye uzoefu anayekufa ni kama mmoja kati ya elfu moja, lakini damu yaweza kuvuja, mshono waweza kufumuka ndani, na damu yaweza kuganda miguuni. Halafu kuna gharama. Upasuaji huu hupatikana zaidi katika hospitali za Nairobi, na bei yake huhesabiwa kwa malaki ya shilingi. Shangazi aliuza kipande cha shamba la minazi, chama chake cha akina mama kikamkopesha, na baba akaongezea. Mtu anayeuza minazi yake na kuwaacha watoto wake kwa jirani akaenda kulala juu ya kitanda cha upasuaji, huyo hajatafuta njia rahisi.

Sasa nifike kwenye kiini cha maoni yangu. Watu hudhani akishashonwa mambo yamekwisha. La hasha! Hapo ndipo yanapoanza.

Wiki mbili za mwanzo shangazi alikunywa vitu vyepesi tu: maziwa, supu iliyochujwa, uji mwembamba, funda moja moja. Baadaye vyakula vilivyopondwa, kisha laini kama mayai na samaki wa kuchemsha. Hali na kunywa kwa pamoja. Maji husubiri nusu saa baada ya chakula. Samaki kwanza, wali baadaye, kwa maana mwili wahitaji protini na nafasi ni ndogo. Kuinua ndoo ya maji kulikuwa marufuku kwa wiki sita. Vidonge vya vitamini, madini ya chuma na kalisi atavinywa maisha yake yote. Mwezi wa nne nywele zilianza kunyonyoka, na ingawa alikuwa ameambiwa kwamba hutokea na kwamba zitaota tena, alilia.

Yote hayo aliyavumilia. Lililokaribia kumshinda ni sisi.

Wiki ya sita palikuwa na harusi mtaani. Akina mama wamekaa wanne wanne kwenye sinia la pilau. Shangazi akala matonge mawili akanawa. Wakamvamia: "Hee, bibi wewe! Umeenda Nairobi umekuwa mzungu?" "Kwani chakula chetu kina najisi?" "Ongeza bwana, wala kama kifaranga!" Kwa aibu akala matatu mengine. Usiku kucha alitapika, na asubuhi tukamkimbiza hospitali kutundikiwa maji. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya katika wale akina mama. Kwetu Pwani kumlazimisha mgeni kula ndiyo heshima. Lakini heshima hiyo ilikuwa karibu imfumue mshono.

Ramadhani ilipoingia, daktari alimwambia asifunge kwanza, maana mwenye mfuko mdogo hawezi kufidia maji ya mchana kutwa kwa usiku mmoja. Dini inamruhusu mgonjwa. Majirani hawakumruhusu. Walinong'ona mpaka akawa anakunywa maji yake chumbani, mlango umefungwa, kama mwizi.

Mashabiki wa kandanda watamkumbuka Diego Maradona. Mwaka wa 2005 alipasuliwa tumbo nchini Kolombia akapungua kilo nyingi, dunia nzima ikashangaa. Lakini uzito ulimrudia, na mwaka wa 2015 akapasuliwa tena, safari hii nchini Venezuela. Alikuwa na pesa, alikuwa na madaktari, alikuwa na jina. Kisu cha daktari hakiwezi kumbadilishia mtu nyumba, marafiki wala meza anayokulia. Hiyo ni kazi ya walio naye.

Sisi wa Gazi tulipaswa kulielewa hili kuliko wengine. Tangu mradi wa Mikoko Pamoja uanze mwaka wa 2013, kila mtoto wa hapa anajua kwamba kupanda mche wa mkoko ni kazi ya asubuhi moja, na kuutunza mpaka usimame ni kazi ya miaka. Hakuna anayepanda mche kisha akaukanyaga jioni. Basi mbona mtu tunamkanyaga?

Wapo watakaosema heri kinga kuliko tiba. Nakubali kwa moyo wote. Utafiti wa serikali wa mwaka wa 2022 kuhusu afya ya jamii ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake 100 wa Kenya walio na umri wa miaka 20 hadi 49, wapatao 45 wana uzito uliozidi. Haya yaanzie hapa shuleni: kiduka chetu kiuze ndizi na maembe kando ya soda na viazi karai, na saa ya michezo isigeuzwe kuwa saa ya kufua sare. Lakini kinga ni ya ambaye hajaugua. Aliyekwisha ugua hatumwambii arudi nyuma akajikinge.

Kwa hivyo napendekeza mambo manne, hasa kwetu sisi wanachama.

Mosi, tuyaache haya majina ya tipa, tenki na bonge. Chama cha Kiswahili chenye kujivunia utajiri wa lugha kisikose neno la adabu.

Pili, tuangalie michezo yetu ya kuigiza. Mara ngapi mnene jukwaani amekuwa ndiye mlafi na ndiye kichekesho? Wapo wenzetu waliokaa ukumbini wakacheka kwa mdomo tu.

Tatu, kwenye sinia, mtu akisema "nimeshiba, alhamdulillahi," tumwamini mara ya kwanza. Tumtengee sahani yake ndogo bila kuuliza maswali mbele za watu.

Nne, ukiwa na jamaa aliyepasuliwa, mtekee maji, mkumbushe vidonge, msindikize akitembea. Kazi hizi hazihitaji cheti cha udaktari. Hata mwanafunzi mdogo anaweza.

Shangazi sasa ana kilo 86. Sindano za insulini daktari amemsimamishia, ingawa bado anapimwa kila mara. Majuzi alitembea mpaka mwisho wa daraja la mbao la akina mama kule mikokoni bila kupumzika. Sisemi kila mnene apasuliwe. Hilo ni la mgonjwa na daktari wake, na wengine watashauriwa njia nyingine. Nasema aliyeamua baada ya kushauriwa asitukanwe kwa uamuzi wake, na akirudi nyumbani akute watu wa kumsaidia kupona.

Nakomea hapo. Mwenye maoni kinyume na yangu, kurasa za toleo lijalo ziko wazi, naye na aandike tusome.