Eti "Jengeni Ngozi Ngumu"! Kwani Kina Dada Viongozi ni Mamba?

Haya wadau, leo sina stori ya nani kaachana na nani. Hiyo mtaipata kesho. Leo nina jambo limenikaa kooni toka Jumamosi na nisipolitoa litanipa vidonda vya tumbo.

Jumamosi nilikuwa kwenye kongamano moja la wanawake, lile ambalo mabango yake yalijaa mji mzima, kiingilio elfu themanini na chakula juu yao. Mie sikulipa, nilipewa kiti na shoga yangu aliyekuwa anapokea wageni mlangoni. Vitambaa vya zambarau, maua, vichupa vya maji vile vya kunywa mara mbili kimeisha. Mada yenyewe: mwanamke kiongozi na namna ya kujijengea ustahimilivu. Akapanda jukwaani dada mmoja maarufu, simtaji, mnamfahamu, yule ambaye kila mwaka ana biashara mpya na kila biashara ina sherehe ya uzinduzi. Akashika maiki, akasema mwanamke anayetaka kuongoza ajenge ngozi ngumu. Kama unalia kwa sababu ya komenti za Instagram basi uongozi sio saizi yako, kaa nyumbani upike.

Ukumbi mzima makofi. Na mie nikapiga, sitaki kuwadanganya. Mikono ilitangulia, akili ikaja na daladala.

Nilipofika nyumbani ndo nikakumbuka. Huyu si ndo yuleyule aliyeposti picha ya mama mmoja siku alipoteuliwa, akaweka vikatuni vya kucheka na neno moja tu, "Kapambana"? Na watu wakamiminika pale chini kuuliza kapambana wapi, ofisini au kitandani? Sasa wewe ndo unawasha moto, halafu unawauzia watu darasa la kuvumilia moshi. Kwa elfu themanini.

Ngoja niseme ninachokiamini, mkitaka mnitukane, nimezoea. Hili neno "ngozi ngumu" ni uonevu uliovaa suti. Linamaanisha hivi: sisi tutaendelea kurusha mawe, wewe tafuta kofia. Hakuna hata mmoja pale ukumbini aliyeuliza mawe yanatoka wapi.

Na mawe yenyewe ni ya aina moja, angalieni vizuri. Mwanaume akipata cheo mtaani tunauliza huyu ni mtu wa nani, kasoma wapi, ataiba au hataiba. Mwanamke akipata cheo tunauliza kalala na nani. Basi. Awe na digrii tatu, awe alianza kama karani miaka ishirini nyuma, swali ni hilohilo. Kaolewa? Mume wake anamruhusuje kurudi saa nne usiku. Hajaolewa? Ndo maana. Ameachika? Tulijua. Akiwa mkali ana stresi za ndoa, akiwa mpole anatumika. Akiwa mbunge wa viti maalum ndo usiseme, hata akiongea jambo la maana bungeni anajibiwa kwamba yeye kapewa tu, wakati viti hivyo viko kwenye Katiba ya nchi na sio zawadi ya mtu. Toka tarehe 19 Machi 2021 Tanzania ina Rais mwanamke, lakini pita leo kwenye komenti za afisa mtendaji yeyote wa kike uone kama kuna kilichobadilika.

Sasa nije kwenye kilichonikaa kooni haswa. Kwenye hayo mawe na langu limo.

Wasomaji wa zamani mtakumbuka ile posti ya mwenyekiti wa soko. Sisemi soko gani, na dada mwenyewe nitamwita Dada Kilemba kwa sababu hakosi kilemba kichwani. Anauza vitenge, mastaa kibao wananunua kwake, ndo maana na mie nilimjua. Wafanyabiashara wenzake wakamchagua mwenyekiti, mwanamke wa kwanza pale sokoni. Miezi mitatu baadaye nikatumiwa picha WhatsApp: Dada Kilemba anatoka kwenye lodge moja, nyuma yake kigogo wa halmashauri anarekebisha shati. Nikaiposti. Kichwa cha habari sikirudii hapa, kina aibu. Ile ndo posti iliyosomwa kuliko zote toka nianze kuandika. Nilipata hadi tangazo la sabuni.

Sikumpigia simu. Namba yake nilikuwa nayo.

Mwezi wa nne mwaka huu nikakaa naye meza moja kwenye kichen pati ya rafiki yetu. Nikamwamkia, shikamoo dada, nikitegemea hanijui. Akaitikia vizuri, akanimwagia soda kwenye glasi, halafu akasema taratibu kabisa, "Wewe si ndo yule mdogo wangu wa blogu?" Jamani. Nilitamani sakafu ipasuke.

Hakunitukana. Angenitukana ningepona haraka. Aliniambia ile siku lodge kulikuwa na semina ya ushuru ukumbini, watu zaidi ya arobaini, wakatoka wote kwa mlango uleule saa ya chakula. Aliyepiga picha alijua kuikata vizuri. Akasema usiku wa kwanza alisoma komenti zote mpaka saa kumi alfajiri. Kesho yake wakweze wakaitisha kikao cha ukoo. Mtoto wake wa darasa la sita akarudi shule akamuuliza, "Mama, gesti ni nini?"

Nikamuuliza, dada, wewe uliwezaje, mbona hukujiuzulu? Na jibu lake ndo lililonifanya nimchukie yule wa maiki, maana halikuwa na ngozi hata kidogo. Alisema simu alimpa mdogo wake wiki mbili, mdogo wake ndo anasoma, anamletea ya kazi tu, matusi yanabaki hukohuko. Alisema kuna akina mama watatu pale sokoni, wa samaki, wa dagaa na wa mitumba, walikuwa wanakuja kila jioni kwenye kizimba chake wanakaa. Hawamwambii jikaze. Wanakaa tu, wanakunywa chai, wanamsema mwenye nyumba wao, wanaondoka. Alisema toka siku ile haendi kikao chochote bila wajumbe wawili, na kila kikao kina muhtasari na sahihi. Na kulia alilia sana, alilia kama mtoto, ila alikuwa anajifungia stoo, anamaliza, ananawa, anatoka kuuza.

Halafu akanipa stori ambayo mie mwenye blogu sikuwa nayo.

Pale sokoni kuna choo cha kulipia, mia mbili mara moja. Dada Kilemba alipoingia madarakani akakuta kitabu cha mapato kinaandikwa elfu arobaini kwa siku, kila siku elfu arobaini, iwe mvua iwe sikukuu. Akashangaa choo gani hiki kina watu sawasawa kila siku. Akamweka kijana pale nje na kopo na debe la mahindi, kila anayeingia punje moja ndani ya kopo. Siku ya kwanza punje 611. Pigeni hesabu wenyewe: mia mbili mara 611 ni 122,200. Siku ya pili na ya tatu hivyohivyo. Akaanza kuuliza zile elfu themanini na kitu zinaenda wapi kila siku ya Mungu. Wiki ileile ndo picha ikatua kwenye simu yangu.

Mmeelewa sasa? Mie nilikuwa nadhani naandika umbea. Kumbe nilikuwa mlinzi wa watu wa choo, tena mlinzi wa bure. Soko zima lilihama kutoka kwenye swali la hela likaenda kwenye swali la lodge. Na hivi ndivyo inavyofanya kazi kila mahali. Ukitaka watu wasiulize hesabu, wape kitanda waongelee. Mwenyekiti mwanaume angeuliza lile swali wangemtafutia kosa la hela, angalau hapo tungeendelea kuongelea hela.

Kwenye mkutano mkuu alisimama na lile kopo lake akasoma tarakimu. Picha hakuigusa hata kwa neno moja. Choo siku hizi kinatoa risiti. Yeye alimaliza muhula wake, na alipoombwa agombee tena akakataa. Hapo ndo panaponiuma, maana watu watasema "aliweza, alikuwa na ngozi ngumu". Hapana. Aliweza, na tukampoteza. Vyote viwili.

Sasa najua wapo mtakaosema mbona tuna mashujaa walioweza peke yao. Nani huyo? Bibi Titi Mohamed ambaye barabara yake tunapita kila siku pale mjini tukikimbizana na mwendokasi? Mama yule hakuwa na digrii, shule yake ya msingi tu. Alikuwa mwimbaji wa ngoma, kikundi chao kikiitwa Bomba. Mwaka 1955 alipoanza kuongoza wanawake wa TANU alitumia haohao wanawake wa ngoma, vikundi kwa vikundi, wakaingia chamani kwa maelfu. Nguvu yake ilikuwa watu. Na alipokamatwa mwaka 1969, akashtakiwa kwa uhaini na kuhukumiwa kifungo cha maisha, alitoka mwaka 1972 kwa msamaha wa Rais, akaishi miaka mingi kimya, na wengi waliokuwa wanamshangilia hawakuonekana. Yule ni mwanamke mgumu kuliko wote wa kongamano letu wakijumlishwa, na bado upweke ulimuumiza.

Au Wangari Maathai wa Kenya. Mwaka 1989 alipopinga jengo refu lisijengwe Uhuru Park, wabunge walimshambulia bungeni, wakasema kundi lake ni la wanawake walioachika. Mnaona? Hoja ni jengo na bustani, jibu ni ndoa yake. Ni yaleyale ya choo. Yeye akaendelea kuandika barua, barua juu ya barua, kwa serikali na kwa wakubwa wa nje, mpaka mradi ukafa. Nobel akaipata mwaka 2004. Ila asiwadanganye mtu kwamba yale maneno hayakumuuma kwa sababu alikuwa chuma.

Kuna hoja mbili huwa naletewa, nizijibu kabisa nisije nikajibizana usiku kucha. Ya kwanza, "mbona wapo kweli wanaopata vyeo kitandani". Sawa, tuseme wapo. Rushwa ya ngono ni kosa kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na anayelengwa pale ni mwenye madaraka anayedai. Nionyesheni posti moja, moja tu, ambayo mlimkalia kooni huyo anayedai. Hamna. Kigogo aliyerekebisha shati kwenye picha yangu nilimfunika sura. Yeye nikamfunika! Dada nikamwacha wazi. Mpaka leo nikikumbuka nilivyokuwa nachagua kile kikatuni cha kumziba nasikia joto.

Ya pili, "adui wa mwanamke ni mwanamke". Huu msemo wanaume wanaupenda kama chapati za bure. Aliyenitumia picha alikuwa mwanaume, waliokuwa wanakula hela ya choo wanaume, waliokalia kikao cha ukoo wengi wanaume. Mie mwanamke mmoja nikabonyeza kitufe, hapo kosa ni langu na silikatai, lakini msinitumie mie kuwasafisha wengine wote.

Kwa hiyo dada wa maiki, kwa heshima zote, mwakani ukiandaa tena kongamano weka pale mbele wale akina mama watatu wa samaki, dagaa na mitumba waeleze walikuwa wanakaaje. Hao ndo wanajua ustahimilivu unavyojengwa. Mualike na mwanaume mmojammoja mwenye akaunti kubwa aeleze kwa nini anaandika anachoandika. Na wewe mwenyewe ianze hotuba yako na ile posti ya "Kapambana". Mie nimeanza na yangu.

Ile posti ya soko nimeifuta juzi saa nne usiku. Nikamtumia ujumbe Dada Kilemba kumwambia na kumuomba radhi kwa maandishi, maana kwenye kichen pati nilishindwa, nilikuwa nalia kwenye pilau. Akajibu asubuhi: "Asante mdogo wangu. Ila skrinishoti bado zinazunguka, wiki iliyopita nimetumiwa tena na mtu wa Mwanza."

Komenti ziko wazi kama kawaida, nitukaneni mie mnavyotaka. Ila kuanzia leo anayeandika "kalala na nani" hapa kwangu nafuta, na akirudia namblok, hata kama ni mdau wa siku ya kwanza. Mkinuna nuneni. Kesho saa sita mchana tunarudi kwenye ile bifu ya wale wasanii wawili, na safari hii nimewapigia simu wote wawili.