Tusingoje Wiki ya Sita

Yapo maradhi yanayotangazwa kwa mbiu ya mgambo, na yapo yanayoua kimya kimya hata jirani asijue kilichomwondoa mwenzake. Homa ya ini aina ya B ni ya kundi hili la pili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 ulimwenguni walikuwa wakiishi na virusi vyake, na katika hao wapatao milioni 65 walikuwa katika nchi za Afrika. Mwaka huo mmoja ugonjwa huo uliua watu milioni 1.1. Mwenye virusi hivyo aweza kulima, kuendesha gari na kulea watoto kwa miaka 20 au 30 pasipo kuumwa, mpaka siku ile tumbo linapojaa maji na macho yanapogeuka manjano. Hapo ndipo aghalabu watu hunong'ona kuwa amerogwa, kumbe ini lake limekwisha kusinyaa au limeingiwa na saratani.

Twapenda wasomaji wetu wautazame mfano wa jirani zetu wa Uganda, kwa sababu wao walijihesabu. Damu iliyokusanywa nchi nzima katika uchunguzi wa mwaka 2004 na 2005 ilipopimwa, ilionekana kuwa watu 10 katika kila 100 wana virusi hivi, na zaidi ya nusu ya wote waliopimwa walikuwa wamewahi kukutana navyo maishani. Hesabu hiyo ni kubwa, walakini ilificha jambo lililo kubwa zaidi. Kusini magharibi ya nchi walioonekana na virusi walikuwa kama 4 tu katika 100. Kaskazini, yaani West Nile, nchi ya Waacholi na Walango, na Karamoja, walikuwa kati ya 18 na 24. Chini ya bendera moja na wizara moja ya afya, mtu wa Karamoja alibeba mzigo karibu mara sita ya ule wa ndugu yake wa kusini magharibi! Afisa akaaye mji mkuu na kusoma ile hesabu ya 10 peke yake angeweza kugawa dawa sawasawa kila wilaya, akarudi nyumbani akijiona ametenda haki.

Na hao wa kaskazini ni akina nani? Wengi wao ni watu wale wale ambao vita iliyoanza mwaka 1987 iliwang'oa mashambani mwao ikawarundika makambini kwa miaka mingi. Hatusemi kwamba vita ndiyo iliyoviumba virusi. Vilikuwako kabla ya bunduki. Twasema tu kwamba maradhi yalikuwa mazito pale pale ambapo mkono wa tabibu ulikuwa mfupi. Ni haki kuitaja sifa ya serikali ya Uganda, kwamba mwaka 2015 ilipoanza kuwapima na kuwachanja watu wazima kwa wingi, ilianzia kaskazini.

Wala asije msomaji wa Dar es Salaam akadhani kwamba haya ni mambo ya ng'ambo ya ziwa. Katika watu 1,599 waliojitolea damu Muhimbili, ambao habari zao zilichapishwa mwaka 2006, karibu 9 katika kila 100 walikuwa na virusi hivi. Hao hawakuwa wagonjwa waliolala vitandani. Walikuwa watu wazima waliokuja kwa miguu yao kumsaidia mwingine.

Sasa yafaa tuseme wazi juu ya aibu. Wako watu ambao wakisikia jina la ugonjwa huu hukimbilia kusema kuwa mwenye nao ni mzinzi. Ni kweli kwamba virusi hivi hupita kwa damu na kwa majimaji ya mwili, na kujamiiana ni njia mojawapo. Lakini tazameni umri. Mtu mzima akiambukizwa, mwili wake kwa kawaida huvishinda. Wanaobaki navyo hawafiki 5 katika 100. Mtoto mchanga akiambukizwa, katika 100 wapatao 95 hubaki navyo. Maana yake ni kuwa mtu wa miaka 40 anayeonekana na virusi leo, yamkini alivipata siku ile mama yake alipokuwa na uchungu, au alipokuwa akicheza uani na watoto wenzake kabla hajatimiza miaka 5. Je, alizini akiwa tumboni?

Kwa ajili hiyo hatuwezi kunyamaza juu ya wafanyakazi wanaohukumiwa kwa ini lao. Vijana wetu waombao kazi katika nchi za Ghuba hupimwa damu kabla ya kusafiri, na anayeonekana na virusi huandikwa kuwa hafai. Mpaka mwisho wa mwaka 2022 ni watu 13 tu katika kila 100 wenye ugonjwa huu ulimwenguni waliokuwa wamepimwa wakajijua. Basi wengi wa vijana hao hulisikia jina lake kwa mara ya kwanza dirishani, pamoja na habari ya kukosa kazi. Na mazoea mabaya huambukiza. Mwajiri wa hapa akiyaona hayo hutaka kuyaiga, hali virusi hivi havipiti kwa kupeana mikono, wala kwa kula sahani moja, wala kwa kutumia chombo kimoja cha kazi. China, ambayo ilikuwa na mamilioni ya watu wenye ugonjwa huu, mwaka 2010 ilipiga marufuku kuwapima watu homa hii kwa ajili ya kuwaajiri au kuwaingiza shuleni. Ikiwa taifa lenye mzigo wa namna hiyo liliona kuwa kipimo hicho hakina kazi mlangoni mwa kiwanda, sisi twakitakia nini?

Kinga ipo, nayo ni ya zamani. Chanjo ya homa ya ini B imekuwapo tangu miaka ya 1980. Tanzania na Uganda ziliiingiza katika chanjo za watoto mwaka 2002, na matunda yake yameonekana. Uchunguzi wa Uganda wa mwaka 2016 na 2017 uliwakuta watu wazima wenye virusi wakiwa 4 hivi katika 100, na watoto wa chini ya miaka 15 hawakufika hata 1.

Atainuka mtu na kuuliza: kama ni hivyo, kelele za nini tena? Ratiba ya Uganda ya mwaka 2002 ilimpa mtoto sindano ya kwanza akiwa na wiki 6. Kwa mtoto ambaye mama yake hana virusi, hilo laweza kutosha. Kwa mtoto ambaye mama yake anavyo, ni sawa na kufunga zizi baada ya chui kuingia, maana yeye huambukizwa katika saa ile ile ya kuzaliwa. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lasisitiza kwamba sindano ya kwanza itolewe ndani ya saa 24. Afrika, mwaka 2022, watoto waliopata sindano hiyo ya siku ya kwanza walikuwa 18 tu katika 100. Wachina, ambao mwaka 1992 walikuwa na karibu watu 10 katika 100 wenye virusi, sawa na Uganda ya mwaka 2005, walishika sharti hilo la saa 24, na mwaka 2014 watoto wao wa chini ya miaka 5 wenye virusi hawakufika 1 katika 100.

Bei ya sindano hiyo haifiki dola moja ya Marekani, na tangu mwaka 2024 mfuko wa chanjo wa Gavi umefungua mlango wa kuzisaidia nchi zinazotaka kuianzisha. Basi udhuru wa fedha umepungua sana. Kazi iliyobaki ni ya jokofu na ya mkunga: chanjo iwepo katika wodi ya wazazi hata usiku wa Jumapili, na mama aliyejifungulia nyumbani afikiwe kabla jua halijachwa mara ya pili.

Na wale ambao tayari wanavyo virusi wasiachwe. Dawa ya tenofovir, ambayo wagonjwa wa UKIMWI wameizoea, huvizuia virusi hivi visiendelee kulila ini. Walakini mwaka 2022 waliokuwa wakitibiwa ulimwenguni walikuwa 3 tu katika 100. Waambiwe pia wajihadhari na pombe na wasile mahindi na karanga zilizoota ukungu, kwani sumukuvu ikikutana na virusi hivi huiharakisha saratani. Kwa upande wa waajiri, tunaanza na wale wa hospitali, serikali na watu binafsi pamoja: mfagiaji wa wodi achanjwe, kwa gharama ya mwajiri, kabla hajakabidhiwa ndoo yenye sindano zilizotumika.