Tunauza Mwangaza, Tunarudi Gizani

Wandugu vijana wa Kasongo na Kabambare, na nyinyi wenye mulienda kusoma Kindu, Bukavu ao Goma,

Kuna kazi yenye vijana wengi wanapewa siku hizi: "staji ya marketing" katika biashara ya sola. Unapewa kofia na makaratasi ya matangazo, unazunguka avenyu kwa avenyu, soko kwa soko, unaeleza wamama na wapapa habari ya plake, batiri na lampi. Mwezi ukiisha unaambiwa: wewe uko stajiere tu, malipo yako ni ujuzi. Na usiku, kwenu nyumbani, munawasha buji.

Musimamo wetu ni huu. Staji ni nzuri, sola ni nzuri. Lakini kazi yenye inamuingizia mufanyabiashara pesa inapaswa kulipwa. Na mwangaza si zawadi ya mufanyabiashara, ni haki ya raia. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji safi na umeme. Sheria ya 17 Juni 2014 ilifungua mulango ili si SNEL peke yake itoe umeme katika inchi. Goma, kampuni Nuru iliwasha kituo cha sola cha megawati 1.3 mwaka 2020, na mwaka 2023 ikatangaza kupata zaidi ya dolari milioni 40 kwa ajili ya miradi ya Goma, Kindu na Bunia. Kindu iko katika orodha. Kasongo je? Kabambare je?

Wenzetu wenye walipita katika staji hizi walituletea mafunzo matatu.

Ya kwanza: ukweli unauza kuliko maneno matamu. Plake ya wati 50, ikipata masaa 4 ya jua nzuri, inatoa karibu wati-saa 200 kwa siku, na sehemu inapotea katika nyaya na batiri. Hiyo inatosha lampi 3 za wati 5 kwa masaa 5, pamoja na telefone mbili tatu na redio. Frigo haiwezi, hata ndogo. Tena batiri ya asidi, ukiimaliza kabisa kila usiku, inakufa mapema. Kijana mwenye anaahidi frigo ili auze anamwibia mama wa jirani, na kesho mama ule hatanunua kwake wala kwa mwingine. Jifunze hesabu hii mbele ya kujifunza maneno ya matangazo.

Ya pili: jua pesa ya watu inaingia wakati gani. Mulimaji wa mupunga na karanga anapata pesa kwa mavuno. Muchimbaji wa zahabu kule Salamabila anapata leo, anakosa juma lote. Mupango wa kulipa kila mwezi uliotengenezwa kwa mutu wa mushahara hauwafai hawa. Tena mashine zenye zinajifunga kama haukulipa zinaomba namba ya kufungulia, na namba inakuja kwa telefone. Mahali mutandao hakuna, mutu anaweza kuwa na pesa mukononi na bado akalala gizani. Stajiere njo mutu wa kwanza kuona jambo hili. Aliandike, alipeleke kwa wakubwa wa kampuni. Huo ujuzi wa kujua watu wetu una bei, usiutoe bure.

Ya tatu: jua sheria inakusema nini. Staji ya masomo, yenye barua ya shule na mwalimu wa kukufuata, ni jambo moja. Kuuza kila siku bila karatasi, bila mwisho, ni jambo lingine: hiyo ni kazi. Sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inataka mukataba uandikwe. Kama haukuandikwa, inachukuliwa kwamba uliajiriwa bila kikomo cha muda, mupaka ithibitishwe kinyume. Mutu wa kazi ya siku kwa siku, akiisha kutimiza siku 22 katika miezi miwili, akachukuliwa tena mbele miezi hiyo iishe, naye anahesabiwa kuwa ameajiriwa bila kikomo. Basi andika tarehe zako, chunga mesaji za mukubwa wako, chunga hesabu ya mauzo yako. Hizo njo silaha zako mbele ya inspeksiyo ya kazi.

Kwa hiyo tunaomba:

Wauzaji wa sola: mukataba wa maandishi, nauli na komisiyo yenye inajulikana tangu siku ya kwanza, na garanti ya kweli kwa wanunuzi.

Jimbo la Maniema, na ANSER iliyoundwa mwaka 2016 juu ya umeme wa vijiji na pembezoni mwa miji: mutangaze mbele ya wakaaji ni nini imepangwa kwa Kasongo na Kabambare, kwa pesa gani, na kwa tarehe gani. Maternite na shule ziwe za kwanza.

Vijana: kama unaenda staji, uliza maswali matatu mbele ya kuvaa kofia: muda gani? Malipo gani? Nani atanifundisha? Wakikosa jibu, hiyo si staji. Tuambie, tutaenda pamoja kuuliza, kwa amani, bila jiwe na bila matusi.

Mwangaza ni haki. Kazi inalipwa. Tusimame pamoja!