Mgeni Njoo, Mwenyeji Apate Maji

Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Paje hadi Jambiani, nyumba za kupangisha watalii zinajengwa kwa kasi. Nyingi zinafanana: paa la makuti, bwawa la kuogelea uani, kiyoyozi kila chumba. Wenye nyumba wanasema ndivyo wageni wanavyotaka, na si wachache wanaozitangaza kuwa ni rafiki wa mazingira kwa sababu tu zina makuti na samani za mbao. Makuti hayatoshi. Nyumba ya wageni katika vijiji hivi ipimwe kwanza kwa maji, na Serikali isitoe leseni mpaka mwenye nyumba aonyeshe maji yake yatatoka wapi na yatakwenda wapi.

Upande ule wa kisiwa hauna mito. Ardhi yake ni jiwe la matumbawe lenye matundu, na mvua ikinyesha maji hupenya hadi chini, yakakaa juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi kuliko ya chumvi. Ni tabaka jembamba. Ukilivuta kwa pampu kupita kiasi, chumvi inapanda, na ikishapanda haichagui kisima cha nani. Mwenye pampu kubwa ataagiza boza la maji. Jirani yake mwenye ndoo na kamba atabaki na maji yasiyonyweka.

Mwaka 2012 shirika la Tourism Concern la Uingereza lilitoa ripoti iliyogusa Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Ilionyesha kwamba kaya ya kawaida ilitumia wastani wa lita 93 kwa siku, ilhali chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilifikia lita 3,195. Nyumba ya kupangisha si hoteli ya nyota tano, lakini piga hesabu ya bwawa lake tu. Bwawa la mita 4 kwa 8, lenye kina cha mita moja na nusu, hubeba lita 48,000. Kwa matumizi ya kaya ile, hayo ni maji ya mwaka mmoja na miezi mitano, na bahari iko hatua chache kutoka mlangoni.

Sasa tutazame paa, maana hapo ndipo uzuri wa picha unapogongana na mahitaji. Makuti yanapendeza na yanapoza, ila hayafai kuvunia mvua: maji yanatoka machache, tena yenye rangi na takataka. Bati linatoa maji safi. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, tukikadiria mvua ya milimita 1,000 tu kwa mwaka na tukatoa hasara ya sehemu moja kwa tano, linaleta lita 80,000, yaani zaidi ya lita 200 kwa siku. Kazi iko kwenye tangi, kwa sababu maji ya masika lazima yavuke miezi mikavu ya kusi. Ningeshauri nyumba yenyewe iezekwe bati la alumini, lisiloliwa upesi na chumvi ya bahari, liwe la rangi nyeupe na lenye dari inayopitisha hewa chini yake. Makuti yabaki barazani, mgeni anakokaa mchana.

Mgeni naye hapotezi kitu. Mgeni anayefungua bomba la bafuni akakuta maji ya chumvi, sabuni ikakataa kutoa povu, hatakumbuka bwawa. Atakumbuka nywele zilizoganda.

Kuhusu joto, mafundi wa zamani walishamaliza kazi. Nyumba za Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, zina kuta nene za mawe na chokaa, dari za juu na ua wa kupitishia hewa. Huku mashambani tuna neema zaidi: pepo za kaskazi na kusi zote zinatufikia. Chumba chenye madirisha pande mbili zinazotazamana, baraza pana linalozuia jua lisipige ukuta, neti madirishani na feni juu ya kitanda, kinalalika bila kiyoyozi usiku mwingi wa mwaka. Tukumbuke Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokosa umeme wa gridi kwa takriban miezi mitatu. Nyumba zisizo na upepo zilikuwa tanuri, na jenereta zilinguruma usiku kucha.

Maji machafu hayaonekani pichani, nayo ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Jiwe linalopitisha mvua linapitisha na choo. Shimo lisilosakafiwa linavuja kuelekea visimani na kuelekea ufukwe ambako akina mama wanalima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Karo lililofungwa vizuri, lenye vyumba zaidi ya kimoja, liwe sharti lisilo na msamaha. Maji ya kuogea yachujwe yakamwagilie migomba.

Wapo watakaosema masharti haya yatamwangusha mzawa mwenye vyumba viwili na kumwachia uwanja mwekezaji tajiri. Hoja hii ina uzito. Tangi na karo ni gharama kubwa kwa mtu anayejenga kidogo kidogo. Basi mzawa apewe muda na mkopo nafuu, na nyumba yenye bwawa itozwe ada ya maji iingie kwenye mfuko wa shehia. Kumsamehe kabisa ni kumdanganya, kwani kisima kitakachoharibika ni chake.

Kamisheni ya Utalii na Mamlaka ya Maji zikae meza moja, na kila ombi jipya la leseni lianze na mchoro wa tangi, gata na karo. Idadi ya vitanda ifuate baadaye.