Homa gani? Swali ambalo kemisti hakuniuliza

Wasee, leo sina utani. Wengi wenu mlinijulia kwa ile video ya mwaka jana, ya yaya anayempa mtoto siro ya homa ndio alale, yeye aendelee na sinema yake. Hakuna kitu nimewahi kuweka kikatazamwa hivyo. Wiki iliyopita nimeifuta. Mmeniuliza mbona, na jibu ni refu kidogo, kaeni chini.

Naishi na dada yangu huku Kayole. Tangu niache chuo mwaka wa pili (karo, hiyo ni hadithi ya siku nyingine) makubaliano yetu ni haya: yeye analipa nyumba, mimi nashika mtoto akiwa zamu ya usiku. Mtoto ana miezi 8. Mimi ndiye anko, na nilikuwa nishajiona mtaalamu. Nepi naweza, uji naweza, kumbembeleza mpaka alale naweza. Dawa ndio sikuwa nimewahi kumpa peke yangu.

Usiku huo alianza kuchemka mwendo wa saa mbili. Nikamfunga mgongoni, mbio hadi kemisti ya hapo kona, nikasema vile sisi wote husema: "Mtoto ana homa, nipe dawa." Jamaa akauliza ana miezi mingapi, akatoa chupa moja. Nikaongeza, "Na ako na joto sana." Akatoa ya pili. "Hii ya homa, hii ya joto. Kijiko kimoja kimoja, mara tatu." Nikalipa nikatoka. Dakika mbili hazikuisha.

Sasa hapo ndipo shida yote ilikuwa, na ilianzia mdomoni mwangu. Mwalimu wangu wa Kiswahili alitufundisha kwamba homa ni joto la mwili likipanda. Lakini huku mtaani mtu akikwambia "usinikaribie, niko na homa", anamaanisha kamasi, chafya, pua imeziba. Anamaanisha mafua. Kwa hivyo mimi nikisema homa nikifikiria joto, jamaa anasikia kamasi, ananipa siro ya mafua. Nikitaja joto, anasikia shida ya pili. Mtoto hakuwa hata na kamasi! Neno moja limetubebea magonjwa mawili miaka hii yote na hakuna mtu amewahi kuona haja ya kuuliza: homa gani?

Nyumbani nilimpa kijiko cha "ya homa". Kijiko cha jikoni, kile tunakorogea chai. Baada ya saa moja bado ni moto, nikaamua kumuongezea ile ya joto. Stima ilikuwa imepotea, nikawasha tochi ya simu nione kifuniko kinafunguka vipi, macho yakaangukia neno "paracetamol". Nikajiambia, hili neno nimeliona sasa hivi. Nikachukua chupa ya kwanza. Lilikuwepo. Majina mawili, rangi mbili, bei mbili, dawa ile ile. Na ile ya kwanza ilikuwa na kitu kingine tena, dawa ya kukausha kamasi inayoleta usingizi, na kwa maandishi madogo kabisa: si ya watoto walio chini ya miaka 2.

Yaani ile dawa ya kulalisha niliyokuwa nikichekesha watu nayo, nilikuwa nimempa mpwa wangu kwa mkono wangu.

Nilimpigia dada yangu. Hakunigombeza, na hiyo iliniogopesha zaidi. Alisema, "Usimpe kitu kingine. Toa maziwa niliyokamua, umpe kidogo kidogo, umwangalie anavyopumua. Akikataa kunyonya, au ukimwamsha asiamke vizuri, usiningoje, panda boda hospitali." Nilikaa kitandani nikihesabu pumzi mpaka asubuhi. Alinyonya. Aliamka kila nilipomgusa, kwa hasira, na sijawahi kufurahia kilio hivyo.

Asubuhi tulienda kliniki. Unajua kitu cha kwanza nesi alifanya? Hakushika dawa wala karatasi. Alimweka mtoto kwenye mizani. Kilo 8. Nikamuuliza uzito una uhusiano gani na joto, akanitazama vile wazazi wetu hututazama tukiuliza pesa ya bando, halafu akanifanyia hesabu nyuma ya kadi.

Paracetamol ya mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa dozi moja. Kilo 8, basi ni 80 hadi 120. Siro nyingi za watoto zimeandikwa 120 mg kwa 5 ml, kwa hivyo huyu wetu ni kati ya mililita 3 na kitu na 5, si zaidi. Dozi na dozi ziachane angalau saa 4, na ndani ya saa 24 zisipite 4. Sasa rudi kwa maagizo yangu: chupa mbili, kila moja mara tatu. Hizo ni dozi sita za dawa moja, na hakuna aliyeniambia ziachane saa ngapi.

Kuna nyingine alinionyesha ambayo ilinitoa jasho. Zipo chupa ndogo za matone, za watoto wachanga, na baadhi zina 100 mg kwa kila mililita moja. Mtu huona chupa ndogo, imeandikwa ya wachanga, anafikiri hii ni nyepesi. Ni kali zaidi ya mara nne. Ukijaza 5 ml za hiyo kama ulivyozoea siro, umempa mtoto wa kilo 8 miligramu 500, tembe nzima ya mtu mzima. Na paracetamol ikizidi huumiza ini, huku siku ya kwanza mtoto akionekana mzima tu. Ukigundua umezidisha, usilale ukingoja dalili. Beba chupa uende hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu dawa ya kuokoa ini ipo na hufanya kazi vizuri ikianzwa mapema.

Kuhusu kijiko: niliporudi nilichukua sirinji (isiyo na sindano, kemisti wanauza kwa shilingi chache) nikapima vijiko vyote vya jikoni kwetu. Kile cha chai kilibeba 4. Kingine, kinachoonekana ndugu yake pacha, 7. Sote tumelelewa na "kijiko kimoja" na hakuna anayejua ni kijiko cha nyumba gani. Tumia sirinji, pitishia pembeni mwa shavu, polepole. Usiitie kwenye chupa ya maziwa, maana akiacha nusu hutajua amekunywa dawa kiasi gani.

Najua kuna watakaosema shosho alitulea na kijiko na tuko hai. Wale wa kijiko walioumia hawako hapa kutuambia. Na shosho hakuwa na chupa tatu za rangi tofauti kwenye kabati moja.

Wengine watasema nimlaumu jamaa wa kemisti pekee. Namlaumu, ndiyo. Ukiuza dawa ya mtoto bila kuuliza kilo, bila kuuliza ameshapewa nini, hiyo ni kuuza soda. Lakini mimi nilikuwa na kitabu cha kliniki nyumbani kwenye droo, uzito wa mwezi uliopita umeandikwa ndani, na sikukibeba. Nilibeba simu. Kitabu cha kliniki kitembee na mtoto kama kitambulisho, na ukifika kemisti sema jambo zima: "Mwili wake una joto, hana mafua, ana kilo 8, hajapewa kitu." Akikupa chupa mbili, muulize hapo hapo kama ndani yake kuna kitu kimoja.

Jambo nililokuwa silijui hata kidogo ni kwamba si kila joto linataka dawa. Nesi alisema dawa hii ni ya kumpunguzia mtoto maumivu na taabu, haiponyi kilichomletea joto. Mtoto wa 38.2 anayecheza na kunyonya anaweza kuachwa, umvue yale masweta matatu, umpe maziwa. Maji baridi usimmwagie. Themomita ya dijitali nimenunua, na wiki nzima ya bando zangu ni ghali kuliko hiyo. Mtoto chini ya miezi 3 mwenye 38 au zaidi hapewi kitu nyumbani, anapelekwa hospitali, usiku au mchana. Vivyo hivyo yeyote anayekataa kunyonya, anayetapika kila kitu, anayepumua kwa shida au aliyepata degedege. Aspirini watoto hawapewi kabisa. Ibuprofen, mpaka daktari aseme.

Na kama mko upande wa ziwa au Pwani, au mmetoka huko juzi, joto ni kipimo cha malaria kwanza. Shemeji zetu wako Siaya na tunaenda Desemba, nesi alilirudia hilo mara mbili: paracetamol itashusha joto, wewe ufurahi, na malaria iendelee na kazi yake.

Ndio hiyo sababu ya kufuta video. Kuna mtu alinitumia ujumbe wakati ule akiuliza kwa utani ile siro inaitwaje, nami nikamjibu kwa jina. Nimemtafuta nimwambie, hajajibu bado.

Kwetu sasa kuna karatasi imebandikwa mlangoni pa kabati: saa, mililita, nani amempa. Dada yangu ameongeza juu kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: ANKO ASOME KWANZA. Pimeni vijiko vyenu mniambie mmepata ngapi.